Dawa Zetu Tunaziweka Wapi?



Ndugu wasomaji, kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisitasita kuandika makala haya, kwani mwenye kosa linalosimuliwa humu ni mimi mwenyewe. Si jambo jepesi kwa mtu wa umri wangu, ambaye vijana humwamkia na kumwomba nasaha, kusimama mbele ya jamaa za misikitini na kukiri kwamba nusura amwue mjukuu wake kwa uzembe wake. Lakini kila nilipotaka kunyamaza nilikumbuka kwamba yaliyonikuta mimi yaweza kumkuta yeyote kati yetu usiku wa leo, na kwamba aibu ya mzee mmoja ni ndogo kuliko jeneza la mtoto.

Mimi ni mgonjwa wa kisukari. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, daktari alinibadilishia nyakati za kumeza dawa, akaniagiza nimeze kidonge changu wakati wa kufuturu. Kwa kuwa jioni nyingi hufuturu msikitini, nikawa nachukua karatasi ya vidonge vya glibenklamaidi na kuitia mfukoni mwa kanzu, ili baada ya tende na maji nisitafute dawa. Nikirudi kutoka tarawehe huivua kanzu na kuitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Msumari uko juu, wala mtoto hawezi kuufikia. Nilichosahau ni kwamba kanzu ni vazi refu, na mfuko wake, kanzu ikiwa imetundikwa, huwa pale pale mkono wa mtoto wa miaka miwili unapofika.

Asubuhi moja katika kumi la mwisho, mimi nikiwa nimejinyoosha baada ya alfajiri, bibi yake alimwona mtoto amelala nje ya wakati wake. Alipomwinua ampe uji, mtoto alilegea mikononi mwake, jasho likimtoka kichwani kama aliyemwagiwa maji, na mwili u baridi. Tulidhani ni malaria. Mmoja akasema apewe dawa ya homa, mwingine akasema aachwe alale. Shangazi yake ndiye aliyeiona ile karatasi ya vidonge chini ya kitanda. Niliihesabu. Vilipungua viwili.

Tulipanda bajaji mpaka hospitali. Daktari alimtoboa kidole, akapima, na sukari ilikuwa imeshuka mno. Akamtia sukari kwa njia ya mshipa pale pale. Baada ya muda mfupi mtoto akafumbua macho na kulia, nasi tukadhani mambo yamekwisha. Daktari akakataa kuturuhusu. Alisema dawa ya aina hii huendelea kushusha sukari kwa saa nyingi, na kwamba mtoto anayeonekana amepona alasiri aweza kuzimia tena usiku wa manane. Na kweli usiku ule ilishuka tena. Tulikaa siku mbili. Alhamdulillahi, yu mzima.

Yule daktari ni binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu, kwa adabu: "Babu, dawa zako huwa unaziweka wapi nyumbani?" Nikataka kujibu, nikakuta sina jibu. Siku hii zilikuwa mfukoni, siku ile juu ya redio, siku nyingine mchagoni chini ya mto. Dawa zangu hazikuwa na mahali.

Tangu hapo kila nyumba niingiayo nimekuwa nikiuliza swali hilo hilo, na majibu niliyoyapata ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Watu wengi wakisikia neno sumu hufikiria dawa ya panya, au ile ya kunyunyizia shambani. Hizo ni sumu kweli, na zina hukumu yake. Lakini dawa iletwayo kutoka hospitali huonekana kuwa kitu chema tupu, na kitu chema hakifichwi. Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa mwaka 2008 ripoti kuhusu ajali za watoto ulimwenguni, wakaeleza kwamba katika mwaka 2004 pekee watu wa chini ya miaka 20 zaidi ya 45,000 walikufa kwa kumeza au kupata sumu bila kukusudia. Wanaodhurika zaidi kwa dawa za nyumbani ni wadogo wa mwaka mmoja hadi minne, na sababu iko wazi: mtoto wa umri huo amekwisha kujua kutembea na kupanda, ulimi wake ndio mwalimu wake, na hajajua bado maana ya kukatazwa. Huwezi kumlaumu. Kidonge chekundu kinachong'aa ni sawasawa na peremende machoni pake, na hakuna aliyemfundisha vingine.

Jambo la kwanza ambalo sikulijua, na naona wazee wenzangu wengi hawalijui, ni kwamba kidonge kimoja kinachotusaidia sisi chaweza kuwa msiba kwa mtoto. Sisi wenye kisukari na presha ndio hatari kubwa katika nyumba zetu. Kidonge kimoja cha glibenklamaidi chatosha kumshusha sukari mtoto wa miaka miwili mpaka apoteze fahamu. Zipo dawa za presha, kama nifedipini na amlodipini, ambazo kidonge kimoja au viwili vyaweza kumlegeza moyo mtoto mdogo. Klorokwini, iliyokuwa dawa ya malaria ya kila nyumba kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001, ilijulikana kwa madaktari kuwa ni miongoni mwa dawa chache ambazo kidonge kimoja au viwili vyaweza kumwua mtoto anayetambaa. Na wazee ndio tunaokaa na wajukuu mchana kutwa, wazazi wao wakiwa kazini na sokoni. Dawa kali zaidi na watoto wadogo zaidi wamo chumba kimoja.

Dawa ya pili yanihuzunisha zaidi, kwani hakuna mtu anayeiogopa. Nazungumzia vidonge vya kuongeza damu, vile wapewavyo mama wajawazito kliniki. Mama huvipokea vingi kwa pamoja, vya mwezi mzima au zaidi, mara nyingi katika kibahasha cha karatasi au kijifuko cha plastiki. Vingi ni vyekundu, vimepakwa sukari juu, na vingine hubaki kwa sababu humchafua mama tumbo naye akaacha kuvimeza. Kidonge kimoja cha kawaida kina takriban miligramu 60 za madini ya chuma. Madaktari huhesabu kwamba miligramu 60 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto ni kiasi cha kuhofiwa kifo. Basi mtoto wa kilo 10 vidonge 10 vyaweza kumwua, na vichache kuliko hivyo vyaweza kumuumiza vibaya. Tena chuma kina hadaa. Kwanza mtoto hutapika na kuharisha, pengine damu. Kisha baada ya saa sita au zaidi hutulia, akacheza, na jamaa wakashukuru wakarudi nyumbani. Kisha siku ya pili humwangusha, ini na moyo vikiwa vimekwisha kuharibika.

Angalieni na wakati wenyewe. Mama apewaye vidonge hivi ni mjamzito au amejifungua karibuni, na mara nyingi mtoto anayemtangulia aliye tumboni ana miaka miwili au mitatu. Nyumba imejaa wageni wa hongera, mama yu kitandani, mtoto mkubwa hana wa kumwangalia, na vidonge vimo katika kikapu kando ya kitanda. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Ontario nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha jambo hili hili: hatari ya mtoto kudhurika kwa vidonge vya chuma huongezeka sana karibu na kuzaliwa kwa mdogo wake, na mwezi wa kwanza baada ya uzazi ndio mbaya kuliko yote. Ikiwa hali ni hiyo Kanada, kwenye nyumba zenye vyumba vingi na makabati, tutasemaje sisi tunaoishi familia nzima katika chumba kimoja cha kupanga?

Parasetamoli nayo haina ubishi. Haikosekani katika nyumba yoyote, hununuliwa dukani pamoja na chumvi na viberiti, na watu huiona nyepesi kama maji. Vidonge vitatu au vinne vya miligramu 500 kwa mtoto wa kilo 10 vyatosha kuwa sababu ya kumkimbiza hospitali, ingawa mtoto mwenyewe aweza kucheza siku nzima asionyeshe dalili. Ini ndilo liumialo, na huumia kimya kimya kwa siku mbili au tatu. Iko dawa ya kuizuia, lakini manufaa yake ni makubwa zaidi ikitolewa ndani ya saa nane za kwanza. Anayengoja dalili ameipoteza fursa hiyo.

Na yapo mambo ya kwetu pwani, ambayo vitabu vya Wazungu haviyataji sana. Mafuta ya karafuu yamo karibu katika kila nyumba kuanzia Pemba mpaka Tanga na Mombasa, kwa jino linalouma na kwa kujichua. Hakuna ubaya wa kuyatumia. Lakini kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta hayo vikinywewa na mtoto mdogo vyaweza kumpotezea fahamu, kumtia kifafa na kumharibu ini. Yapo matukio ya namna hiyo yaliyoandikwa na madaktari. Kichupa chake ni kidogo, kizibo ni chepesi, harufu yake ni ya pilau. Vivyo hivyo kafuri. Kafuri ikilambwa na mtoto humtia degedege ndani ya dakika chache, na kiasi cha kumdhuru ni kidogo mno. Na kafuri, ndugu zangu, huwekwa wapi? Huwekwa misikitini, kwa ajili ya kuoshea maiti, katika kabati la chini au ndani ya kasha pamoja na sanda na pamba, chumba kile kile au cha pili yake ambamo watoto wa chuo husoma asubuhi. Nalisema hili kwa kuwa nimeliona katika misikiti mitatu. Viko na vile vidonge vyeupe vya duara vinavyowekwa kabatini kufukuza mende na nondo, ambavyo humumunywa na watoto kama pipi. Hivyo huvunja damu, hasa kwa wale waliozaliwa na upungufu fulani katika chembe zao za damu, na upungufu huo ni wa kawaida kwetu tuliokaa na malaria vizazi na vizazi.

Sasa nirudi kwenye swali la daktari. Nimewauliza wengi, na haya ndiyo waliyonijibu. Juu ya friji. Dirishani. Chini ya godoro. Katika pindo la kanga, limefungwa fundo. Katika mkoba unaoning'inia kwenye kitasa cha mlango. Ndani ya kikombe juu ya meza, "ili nisisahau". Hili la mwisho nalielewa, kwani hofu ya kusahau ndiyo inayotufanya tuziweke dawa mbele ya macho. Lakini kilicho mbele ya macho yetu kipo pia mbele ya macho ya mtoto. Na juu si mahali salama kwa kuwa ni juu tu. Mtoto husukuma kigoda, hugeuza ndoo, hupanda. Mama mmoja aliniambia kwamba wanawe wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa mitatu, walibebana.

Mwezi wa Ramadhani wahitaji kutajwa peke yake. Miezi mingine dawa huwa na ratiba, na hata kama imewekwa vibaya, huwekwa vibaya mahali pamoja. Ramadhani ratiba yote hugeuka. Dawa hushushwa kwenye mkeka wa futari, humezwa daku mtu akiwa nusu usingizini, karatasi hubaki pale kwenye sinia, taa huzimwa, kisha mtoto ndiye wa kwanza kuamka asubuhi wakubwa wakiwa wamelala. Siku za Idi, za harusi na za matanga, wageni huja na mikoba, na ndani ya mkoba wa bibi aliyetoka safari hamkosi dawa. Mikoba huwekwa sakafuni, wakubwa huongea, watoto hupekua. Mwenye nyumba mwangalifu aweza kuponzwa na mkoba wa mgeni wake. Kwa hiyo msione haya kumwambia mgeni, "Shangazi, nipe mkoba wako niuweke ndani," hata kama atadhani mnamwogopea wezi.

Iko desturi nyingine nitakayoisema kwa ukali kidogo, mniwie radhi. Ni ile ya kumwambia mtoto mgonjwa, "Meza mwanangu, hii peremende." Tunamdanganya ili anyamaze, na anaponyamaza tunafurahi. Lakini yeye amejifunza somo, nalo ni kwamba ndani ya kile kikaratasi mna peremende, na kwamba baba na mama huzificha wasimpe. Kesho akizipata peke yake hatauliza. Watengenezaji wa dawa nao wana lawama yao kwa kutia utamu na rangi ya machungwa katika dawa za watoto. Lakini wao walitia ladha, sisi ndio tulioipa jina. Mwambieni mtoto kwamba ni dawa, kwamba hutolewa na mkubwa tu, basi. Atalia leo, na kulia hakumwui.

Nimesikia pia, na nilitarajia kulisikia, kwamba yote ni kudura ya Mwenyezi Mungu, na aliyeandikiwa atakufa tu. Alinieleza hivyo mtu mwema, mswalihina, ambaye jirani yake alifiwa na mtoto kwa mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda. Sikubishana naye msibani, kwani msibani si mahali pa kubishana. Nitabishana naye hapa. Sote twaamini kudura. Lakini sote pia twaijua hadithi ya yule bedui na ngamia wake, na twajua alichoambiwa afanye kwanza. Mtu yule yule aliyeniambia kuhusu kudura hufunga duka lake kwa makufuli mawili kila jioni, wala haachi baiskeli yake nje ya msikiti bila mnyororo. Haya ya kufunga mali na kuacha wazi yanayoua watoto, kisha tukayaita tawakuli, sijui yametoka wapi. Mtoto ni amana. Hakuna kati yetu ambaye angewekewa amana ya fedha na jirani yake akaiacha dirishani.

Na wako wanaosema, ni kazi ya mama. Mtoto akidhurika, sauti ya kwanza itokayo kinywani mwa baba ni, "Wewe ulikuwa wapi?" Mimi nawauliza akina baba: nani mwenye fedha ya kununua sanduku? Nani awezaye kupigilia rafu ukutani? Nani aliyekuja na dawa ya presha akaiacha mezani kwa kuwa amezoea kuokotewa vitu vyake? Mama wa watoto wanne, mwenye jiko la mkaa, ndoo za maji na mtoto mgongoni, hawezi kuwa macho kila dakika, wala binadamu yeyote hawezi. Uangalizi wa macho huchoka, kufuli haichoki. Katika nyumba yangu mama alikuwa macho, bibi alikuwa macho, na aliyetia sumu mfukoni ni mwanamume aliyekuwa akitoka msikitini.

Wenzetu waliliona hili zamani. Katika mji wa Windsor nchini Kanada, daktari wa watoto aitwaye Henri Breault alichoka kuwapokea watoto waliomeza dawa, hasa aspirini. Mwaka 1967 kikatolewa kizibo ambacho sharti ukikandamize na kukizungusha kwa wakati mmoja ndipo kifunguke, jambo ambalo mkono wa mtoto mdogo haujui kulifanya. Inaelezwa kwamba ajali za namna hiyo katika eneo lake zilipungua kwa takriban asilimia 91. Marekani ikaweka sheria kuhusu vifungashio hivyo mwaka 1970. Na tusidhani kwamba ni mambo ya matajiri tu: katika wilaya moja ya Afrika Kusini, watu walipogawiwa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vizibo vya namna hiyo, watoto waliokunywa mafuta hayo walipungua karibu nusu, kama ilivyochapishwa mwaka 1994.

Sisi je? Katika maduka mengi vidonge huhesabiwa juu ya kisahani, vikatiwa katika kibahasha, jina la dawa likaandikwa kwa mwandiko ambao hata mwandishi wake hausomi kesho yake. Nawaomba ndugu zetu wenye maduka ya dawa, na wamo wengi katika jamaa zetu, waandike jina la dawa kwa herufi za kusomeka, na wamwambie kila mteja neno moja: weka mbali na watoto. Na penye dawa ya aina moja iliyofungwa kidonge kimoja kimoja na ile ya kumwagwa, mteja apewe iliyofungwa. Mtoto anayetoboa kimoja kimoja hukawia, na katika kukawia mtu huingia. Hata hivyo mtu asijidanganye: kizibo cha namna hiyo humchelewesha mtoto, hakimzuii, na karatasi ile ya vidonge haikumzuia mjukuu wangu.

Dawa ya jambo hili ni rahisi mno hata naona haya kuiandika. Ni sanduku lenye kufuli. Mafundi wetu wa bati hutengeneza visanduku vidogo, na sanduku lolote la mbao au la plastiki gumu lifungwalo kwa kufuli ndogo hufaa. Sanduku liwe moja kwa nyumba nzima, dawa zote ziingie humo, za babu, za mama, za mtoto, mafuta ya karafuu na ya kujichua, na lipandishwe juu ya kabati lisipofikiwa na jua. Lisiwe jikoni penye joto wala bafuni penye unyevu, kwani huko dawa zenyewe huharibika. Ufunguo usitundikwe pembeni yake, jambo ambalo nimelishuhudia. Insulini, ambayo chupa zisizofunguliwa hukaa kwenye friji, iwekwe rafu ya juu ndani ya kikopo chenye mfuniko mgumu. Anayeogopa kusahau dawa yake na ategeshe kengele ya simu, au afungamanishe dawa na sala, lakini dawa yenyewe ibaki sandukuni. Ukimaliza kumeza, rudisha hapo hapo, kabla ya kunywa chai. Dawa iliyobaki baada ya kupona na iliyopitwa na tarehe isitupwe jalalani, kwani watoto wetu huchezea jalala. Irudisheni kituo cha afya au muwaulize wahudumu namna ya kuiteketeza. Sharubati ya amoksilini iliyokwisha kuchanganywa na maji haikai nyumbani mpaka ugonjwa ujao. Ina siku chache tu, kwa kawaida saba ikiwa nje ya friji.

Ikiwa yametokea, tena Mwenyezi Mungu apishe mbali, msingoje dalili. Mchukueni mtoto hospitali saa ile ile, pamoja na karatasi, kibahasha au chupa yenyewe, na mhesabu vilivyopungua, maana daktari hawezi kujua dawa kwa kuutazama uso wa mtoto. Msimtapishe kwa kumtia kidole. Aliyekunywa mafuta ya taa ndiye hasa asiyetapishwa, kwani mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoulia. Msimnyweshe maji ya chumvi, ambayo yenyewe yaweza kumwua mtoto. Maziwa, ambayo kila jirani atakuja nayo mbio, hayaondoi sumu, hupoteza muda. Asiye na fahamu asipewe kitu chochote kinywani, alazwe ubavu wakati wa kumbeba. Na mwambieni daktari kweli. Wako wanaoficha kwa aibu wakasema ni homa, daktari akatibu homa. Sisi wenyewe, lau shangazi yake asingeinama chini ya kitanda kile, tungesema ni malaria.

Kwa kamati za misikiti nina ombi moja zaidi. Ijumaa moja kabla ya kila Ramadhani, imamu au mhudumu wa afya aliye katika jamaa apewe dakika kumi baada ya sala azungumze jambo hili, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Na kabati la vifaa vya maiti likaguliwe. Katika msikiti wetu nilipoyaeleza haya, mwekahazina aliondoka kwenye kikao, akarudi na pakiti ya kafuri iliyofunguliwa ambayo hakuna aliyekuwa na habari nayo; ilikuwa nyuma ya misahafu ya watoto. Kufuli imekwisha kununuliwa, na fundi ameahidi kupandisha rafu wiki ijayo.